Mgambo na Sungusungu: Mamlaka ya Polisi Mikononi mwa Jirani

Tuseme ni saa nane za usiku, msimu wa kahawa, kwenye barabara ya vumbi ya kata ya Hasamba wilayani Mbozi. Vijana wanne wenye tochi na marungu wanasimamisha bodaboda. Abiria amepakata gunia la kahawa ya maganda. Wanamwuliza kalitoa wapi, wanataka alifungue, na majibu yasipowaridhisha wanamwambia ashuke waongozane hadi kwa mtendaji. Je, ana haki ya kugoma?

Wengi watajibu haraka kwamba anayo, kwa kuwa hao si polisi. Sheria ya Tanzania haisemi hivyo. Kama vijana hao wako kwenye zamu inayotambuliwa na serikali, wawe wanaitwa mgambo, sungusungu au jina jingine lolote, basi tangu mwaka 1989 wana uwezo wa kukamata kama wa konstebo wa polisi. Uwezo huo umekaa kwenye vitabu vya sheria kwa zaidi ya miaka 30, na hata hivyo ni wachache miongoni mwa wanaoutumia au wanaotumiwa nao wanaojua unaanzia wapi na unakomea wapi.

Tukisikia habari za raia wenye silaha, mawazo hukimbilia Marekani, na si ajabu. Pale Lexington, Aprili 1775, wakulima walioshika bunduki zao wenyewe ndio waliopambana na askari wa mfalme wa Uingereza, na marekebisho ya pili ya katiba yao, ya mwaka 1791, yakataja kwa jina jeshi la raia na haki ya watu kumiliki silaha. Tangu hapo Wamarekani wanabishana kama raia wanaweza kujiundia jeshi lao. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilijibu mwaka 1886, katika kesi ya Presser dhidi ya jimbo la Illinois, kwamba jimbo lina mamlaka ya kuwakataza raia kupiga gwaride wakiwa na silaha bila kibali. Mwaka 1903 vikosi vya majimbo vilifungamanishwa na serikali kuu, na hicho ndicho chanzo cha Walinzi wa Taifa wa leo. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, mahakama hiyo ilisema haki ya kumiliki bunduki ni ya mtu binafsi, awe yumo katika kikosi au hayumo. Kwa hiyo Mmarekani anaweza kuwa na bunduki kumi ndani, lakini akiwakusanya jirani zake wakajifanya jeshi, majimbo yote 50 yana njia moja au nyingine ya kuwazuia. Vikundi vya aina hiyo vipo hata hivyo, na mwaka 2020 baadhi ya wafuasi wao walikamatwa kwa njama ya kumteka gavana wa Michigan.

Mjadala wetu ni tofauti kabisa. Hapa bunduki haijawahi kuwa kiini cha hoja, maana silaha ya moto haimilikiwi bila leseni, na sheria ya mwaka 2015 imelikazia hilo. Swali letu linahusu mamlaka: nani amempa jirani yangu uwezo wa kunishika, na akinivunja mkono nimshitaki nani?

Ulinzi wa raia wenyewe ni mkongwe kuliko serikali. Katika karne ya 19 vijiji vya Wanyiha vilizungushiwa maboma ya magogo kwa hofu ya wavamizi, na huko Unyamwezi Mirambo alijenga dola kwa nguvu ya rugaruga, vijana wa vita ambao hawakuwa na kambi ya kudumu wala mshahara. Wakoloni waliyavunja hayo yote na kuweka askari wao. Lakini mgambo tunayemjua hakutokana na maboma hayo. Alitokana na hofu ya dola changa.

Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliwaasi maofisa wao. Ndani ya siku chache uasi ukafika Tabora, na serikali ya Mwalimu Nyerere ikalazimika kuwaomba Waingereza waje kuuzima. Ilikuwa aibu, na mafunzo yake hayakusahaulika. Jeshi la zamani likavunjwa, na Septemba 1, 1964 ikazaliwa JWTZ, iliyochota vijana wake wengi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na Jeshi la Kujenga Taifa. Wazo lililoongoza lilikuwa kwamba jeshi lililojitenga na wananchi ni hatari kwa wananchi hao hao.

Kisha yakatokea mawili kwa mfuatano. Novemba 1970 Wareno waliivamia Guinea kutokea baharini, na Januari 1971 Idi Amin akampindua Milton Obote. Mwezi Februari TANU ikatoa Mwongozo wake, ambao pamoja na mengine ulielekeza kwamba ulinzi wa taifa usiachwe mikononi mwa askari wa kulipwa pekee. Umma wenyewe uandaliwe. Kwa mtu wa Dar es Salaam hilo lingeweza kusikika kama kaulimbiu. Kwa watu wa ukanda huu wa mpaka lilikuwa na sura halisi. Tangu walowezi wa Rhodesia wajitangazie uhuru Novemba 1965, njia ya Zambia kwenda baharini ilikuwa huku kwetu: barabara kuu, bomba la mafuta la TAZAMA na baadaye reli ya TAZARA, vyote vikipita Mbozi na Tunduma. Wasiwasi huo haukuwa wa bure. Oktoba 1979 makomandoo wa Rhodesia walilipua daraja la reli hiyo hiyo kwenye mto Chambeshi, kaskazini mwa Zambia. Treni inayovuka Tunduma na kuingia Nakonde ndiyo ambayo ingefika darajani pale.

Sheria zikafuata siasa. Mgambo aliwekwa katika sheria, na mwaka 1975 Bunge likaongeza kipande ambacho uzito wake wengi hawakuuona wakati ule: mgambo aliye kazini akapewa mamlaka ya kukamata na kupekua kama ya askari polisi. Mtu aliyefundishwa gwaride, kwata na shabaha ili amkabili adui wa nje akawa pia mlinzi wa sheria dhidi ya jirani yake. Kazi hizo mbili hazina undugu. Moja inataka ujasiri, nyingine inataka subira, na subira haifundishwi kwenye uwanja wa kwata.

Kwa ile kazi ya kwanza mgambo alitia fora. Amin alipoivamia Kagera Oktoba 1978, makumi ya maelfu ya mgambo waliitwa na kuchanganywa na JWTZ, na Aprili 11, 1979 Kampala ikawa imeanguka. Wazee wengi nchini bado wanahesabu umri wao kwa vita ile. Lakini vita iliacha deni: uchumi uliochoka, bidhaa zilizoadimika, na bunduki zilizozagaa mikononi mwa watu wasiostahili. Usukumani na Unyamwezini wizi wa ng'ombe ukageuka ujambazi wa silaha.

Huko ndiko sungusungu walikozaliwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya Kahama na jirani zake. Hawakuundwa na serikali wala chama. Kila kaya ilitoa mwanamume mwenye upinde, mishale na filimbi. Kijiji kilimchagua mtemi wake na wasaidizi. Yowe la mwano likipigwa, kila mtu hutoka, na kijiji cha pili hulipokea na kulirusha mbele. Ng'ombe aliyeibwa jioni hakupata pa kufichwa hadi asubuhi. Adhabu kubwa haikuwa kipigo. Ilikuwa kutengwa: usiombwe wala usipewe moto, usizikwe wala usizikiwe. Aliyeishi kijijini anajua kwamba jela ni nafuu.

Ili kuelewa kwa nini wananchi walifikia hapo lazima turudi mwaka 1976. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga serikali ilikuwa imeendesha operesheni dhidi ya mauaji, mengi yakihusishwa na ushirikina, na watuhumiwa kadhaa wakafia mikononi mwa vyombo vya dola kwa mateso. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kuwajibika, na viongozi wengine wakafuata. Historia imemsifu Mwinyi kwa hatua hiyo, na inastahili. Kwa mwanakijiji, hata hivyo, dola ilikuwa imejaribu kwa mkono wa chuma ikaharibu, halafu ikarudi nyuma, na wizi ukabaki.

Sungusungu walipofanikiwa, dola iligawanyika. Polisi na mahakama waliwaona kama watu wanaojichukulia sheria mkononi. Chama, na Nyerere mwenyewe, kiliona ndani yao umma ukijilinda kama Mwongozo ulivyotaka. Pande zote mbili zilikuwa na ushahidi. Ng'ombe walirudi kweli. Na kweli vikongwe wenye macho mekundu, ambao kosa lao lilikuwa moshi wa jikoni, waliandamwa kwa tuhuma za uchawi, na mtu aliweza kupigwa hadi akakiri jambo asilolijua. Utaratibu unaomkamata mwizi kwa wepesi kwa sababu hauulizi maswali mengi, humkamata asiye mwizi kwa wepesi ule ule.

Mwaka 1989 Bunge liliamua. Sheria za mgambo zilirekebishwa, na maana ya mgambo ikatanuliwa ikawameza sungusungu, au wasalama kama wanavyoitwa kwingine, pamoja na kikundi chochote cha ulinzi kinachofanya kazi chini ya mwavuli wa serikali. Kwa kalamu moja, watu waliokuwa nje ya sheria wakawa ndani yake wakiwa na uwezo wa kukamata. Wanasheria wengine wameliita jambo hilo kuhalalisha uhuni. Mimi naliona kama njia ya mkato. Serikali haikuwa na fedha za kupeleka polisi kila kijiji, ikaona ni rahisi kuwapa wanakijiji mamlaka ya polisi. Lakini ilitoa nusu tu ya kifurushi. Polisi ana namba, cheo, mshahara, kanuni za kudumu za jeshi lake, mkuu wa kituo wa kumlalamikia, na mahakama ya nidhamu inayoweza kumvua magwanda. Sungusungu alipewa mamlaka bila hayo mengine.

Kutoka Usukumani mtindo huo ulishuka kusini pamoja na ng'ombe. Wafugaji wa Kisukuma waliingia Rukwa, Chunya na mabonde ya huku kwetu kwa miongo kadhaa, na walikuja na utaratibu wao. Serikali nayo ikaagiza makabila mengine yawe na sungusungu, kama vile utaratibu huo ni koti linalomfaa kila mtu. Mtafiti Mmarekani Brian Paciotti, aliyefanya kazi yake Mpimbwe, wakati huo ikiwa Rukwa na leo Katavi, alikuta sungusungu wakifanya kazi vizuri kwa Wasukuma na wakilegalega kwa Wapimbwe, ingawa wote waliishi eneo moja chini ya sheria moja. Wasukuma walikuwa na mtandao wa kuitikiana kutoka kijiji hadi kijiji. Wenzao walipewa jina bila mtandao. Nadhani hilo ndilo jambo lenye faida kubwa kwetu Wanambozi, ambao hatuna mila ya mwano. Huku kwetu neno sungusungu kwa kawaida lina maana ya zamu ya usiku: leo nyumba hii, kesho ile, na asiyetokea anatozwa faini. Ni orodha ya mwenyekiti wa kitongoji, si udugu wa mishale.

Na mgambo rasmi amekwenda wapi? Bado yupo, na siku hizi huitwa askari wa jeshi la akiba. Kila wilaya ina mshauri wake, ofisa wa JWTZ anayesimamia mafunzo. Vijana hukimbia mchakamchaka kwa miezi kadhaa, halafu mkuu wa wilaya anakuja kufunga mafunzo na kuwaambia wawe wazalendo. Baada ya gwaride maisha yanaanza. Wengi wanatafuta kazi kwenye kampuni za ulinzi, ambako cheti cha mgambo ni kama leseni. Wengine wanachukuliwa na halmashauri kwa posho, wasimamie ushuru, wavunje vibanda, wawakimbize wamachinga. Kwa mtoto aliyezaliwa mjini baada ya mwaka 2000, mgambo si shujaa wa Kagera. Ni mtu aliyebeba sinia la ndizi za mama yake na kulitupa kwenye gari. Sijui kama kuna taasisi nyingine nchini iliyoshuka heshima kiasi hicho ndani ya kizazi kimoja.

Polisi wenyewe walijaribu kurudisha mambo kwenye mstari. Chini ya IGP Said Mwema, kuanzia mwaka 2006, ilikuja polisi jamii, na neno ulinzi shirikishi likaenea hadi kwenye matangazo ya redio. Baadaye wakaja polisi kata. Kwa Songwe, iliyomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na ambayo mji wake mkubwa ni wa mpakani, mpango huo una maana ya pekee. Tunduma usiku ni malori, wabadilisha fedha na njia za panya za kuingia Nakonde. Kwenye mazingira hayo, kijana asiye na mshahara aliyepewa uwezo wa kupekua mizigo ya watu amewekewa mtego. Akisimamisha gunia la sukari saa saba za usiku, elfu kumi ya mwenye gunia iko karibu kuliko kituo cha polisi. Kumlaumu yeye peke yake ni uvivu wa fikra.

Sasa tuisome Katiba. Ibara ya 28 inampa kila raia wajibu wa kulinda uhuru na ardhi ya taifa, na inaruhusu Bunge kutunga sheria ili wananchi washiriki katika ulinzi. Ibara ya 147 inamkataza mtu, shirika au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi la aina yoyote. Ukiziweka pamoja unapata msimamo wa Tanzania: wananchi ni walinzi, lakini hawawezi kujiamuru. Ni kinyume cha ndoto ya wale wa Michigan. Msimamo huo ndio uliofanya mwaka 2019 sheria ya vyama vya siasa irekebishwe kuvikataza vyama kuwa na vikosi vya ulinzi, baada ya miaka mingi ya kuwaona Green Guard wa CCM, Red Brigade wa CHADEMA na Blue Guard wa CUF kwenye kampeni. Katazo ni zuri. Litapimwa kwa jinsi linavyotumika kwa chama kinachotawala na kwa wapinzani. Zanzibar ina mfumo wake wa idara maalumu za SMZ, yaani KMKM, JKU, KVZ na nyinginezo, zenye sheria zake, na huo ni mjadala mwingine mrefu.

Majirani wanatuonyesha pande zote mbili za shilingi. Kenya iliwapa bunduki polisi wa akiba katika kaunti za wafugaji, mwaka 2019 ikazikusanya ikisema zinatumiwa vibaya, kisha ujambazi ulipozidi Bonde la Ufa ikalazimika kuwarudisha. Uganda iliwategemea Arrow Boys wa Teso dhidi ya waasi wa LRA mwaka 2003. Mashariki mwa Kongo ndiko onyo lilipo: Novemba 2022 Rais Tshisekedi aliwaita vijana wajipange kulinda maeneo yao, mwaka uliofuata sheria ya jeshi la akiba ikapitishwa, na makundi mengi ya zamani ya Mai-Mai yakavaa jina la Wazalendo. Jina jipya halikuwapa mkubwa mmoja wa kumtii. Na ukomo wa ulinzi wa raia tuliuona hapa nyumbani pia: Kibiti, ambako Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa mpigo na viongozi wa vijiji wakawindwa mmoja mmoja. Dhidi ya watu wa aina ile, filimbi haisaidii.

Lakini tatizo la Hasamba si Kibiti. Ni kahawa inayochumwa usiku kwenye shamba la mwingine, pikipiki inayoyeyuka kuelekea mpakani, na lile jambo ambalo taarifa za polisi hulieleza kwa maneno ya wananchi wenye hasira kali. Ulinzi wa zamu ukifa, kinachobaki ni hasira hiyo, na matairi. Kwa hiyo siwaungi mkono wanaosema sungusungu wafutwe. Mwizi anayeshikwa na vijana wanaojulikana majina ana nafasi nzuri zaidi ya kuiona mahakama kuliko anayeshikwa na kundi lisilo na jina.

Yaliyomo ndani ya sheria tayari yanatosha kuanzia. Sungusungu anaweza kukamata, hawezi kuhukumu. Faini anayomtoza mtuhumiwa papo kwa papo haina msingi wowote wa kisheria, hata kama mtuhumiwa ameikubali. Kipigo kinakatazwa na ibara ya 13 ya Katiba, inayopiga marufuku mateso na adhabu za kutweza, na haisemi isipokuwa kwa wezi. Aliyekamatwa anatakiwa kufikishwa polisi bila kuchelewa, na sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inaweka saa 24 kuwa kipimo cha kumpeleka mbele ya mahakama au kumpa dhamana, ukiacha makosa yanayostahili kifo. Kumfungia mtu kwenye ofisi ya kijiji toka Ijumaa hadi Jumatatu ni kosa, na aliyefanya hivyo anaweza kushitakiwa yeye binafsi.

Kinachokosekana ni maandishi ya kwetu wenyewe. Halmashauri ya kijiji ina kamati ya ulinzi na usalama kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, na kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, ikapita mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Sheria hiyo itaje nani yuko kwenye zamu na nani amemteua. Walinzi wawe na daftari: nani amekamatwa, saa ngapi, kwa kosa gani, amekabidhiwa kwa askari yupi, na mali yake ni ipi. Michango ya ulinzi ikatiwe stakabadhi. Polisi kata awe analisaini daftari hilo kila wiki. Bajeti yake ni kalamu na daftari la kaunta. Wabunge nao wangeifungua upya sheria ya 1989 na kuongeza ile nusu ya kifurushi iliyosahaulika: mafunzo ya lazima ya ukamataji, kitambulisho, na kifungu kinachosema waziwazi nani analipa fidia mlinzi anapomjeruhi asiye na hatia, kijiji, halmashauri au Serikali Kuu.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ndugu msomaji wa Hasamba, Mlowo au Tunduma, utakapoitishwa ujao, simama umwulize mwenyekiti daftari la walinzi liko wapi.